Tumbo la Edah

Mikono ya Edah Namalwa ilikuwa na jina Kitale. Wanawake wa mtaa wa Matisi waliambiana, "Nenda kwa yule msichana wa Jelagat, hakuvuti kichwa," na aliyeambiwa alikwenda, akakaa kitini akitarajia maumivu, akashtukia amesinzia. Edah alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kwao ni Bumula, Bungoma, binti wa fundi wa baiskeli, na alikuja Kitale baada ya kidato cha nne kujifunza ususi kwa muda tu, huku akingoja kuitwa chuoni. Hakuitwa. Ususi ukamkolea, na miaka ikapita akiwa amesimama nyuma ya viti vya saluni ya Jelagat.

Saluni yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya bucha, karibu na soko. Ilikuwa na vioo vitatu na dirisha kubwa la kuingizia jua la asubuhi, ila haikuwa na choo. Choo kilikuwa nyuma ya jengo, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari ndani ya bucha. Aliyeutaka alimwomba Ian, mwenye bucha. Ian hakuwa mtu mbaya, lakini mdomo wake haukuwa na breki. Mbele ya wanaume waliosubiri nyama aliuliza kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, "Ni ya haraka ama ni ya kukaa?" Wanaume wakacheka. Chepkemei, msusi mwenzake Edah, alimjibu siku moja, "Kwani unataka kunisindikiza?" na tangu hapo Ian akawa anampa ufunguo kimya kimya. Edah hakujaliwa ulimi kama huo. Alishuka, akaulizwa, akapanda ngazi uso umemwiva, na baada ya hapo hakushuka tena.

Hata angekuwa na ujasiri, nafasi angeipata wapi? Rasta ndogondogo hula siku nzima. Jelagat, mwenye saluni, alikuwa mwanamke wa sauti ya upole na masharti magumu, na sharti la kwanza lilikuwa kwamba kichwa kikishaanzwa hakiachwi. Mteja ambaye nusu ya nywele imesukwa na nusu imesimama kama kishungi cha jogoo hapendi kumwona msusi wake akitokomea ngazini. Kwa hiyo tumbo la Edah lilipomwita, na lilimwita kila siku mara tu baada ya chai ya asubuhi, alibana. Alibana, akaendelea kusuka, na baada ya muda wito ukapita. Alijiambia ataenda jioni.

Jioni nayo ilikuwa na mambo yake. Huko Matisi alikopanga chumba, choo cha shimo kilikuwa kimoja kwa wapangaji wote wa ploti, mlango wake umelegea kwenye bawaba, na watoto hawakuacha kugonga. "Nani huko ndani? Toka bana, nimebanwa!" Edah alichuchumaa huku ameushikilia mlango kwa mkono mmoja, na lile tumbo lililomwita asubuhi sasa halikuwa na habari naye. Alitoka kama alivyoingia.

Basi akajitafutia njia ya kuishi. Aliacha kunywa maji mchana ili asipate haja ya kushuka. Baridi ya Kitale ilimsaidia, maana kiu haikumsumbua. Asubuhi alikunywa chai na mandazi, mchana alikula chipsi za kibanda cha chini au chapati, na usiku ugali wa sembe na yai, kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka na sukuma wiki inataka kuchambuliwa na kukatwakatwa. Hakuna aliyeona ubaya. Wasichana wote wa saluni walikula hivyo.

Mambo yalibadilika polepole, bila kishindo. Kwanza alikosa choo siku mbili, akaona ni heri, usumbufu umepungua. Kisha ikawa siku nne, ikawa wiki. Alipokwenda, ilikuwa kazi ya jasho na meno yaliyoumana, na kilichotoka kilikuwa kigumu kama kokoto. Siku moja alisikia kitu kinachanika, kama wembe umepita, na alipojipangusa akaona damu nyekundu. Alikaa pale akiitazama karatasi. Kisha akaitupa shimoni, akanawa mikono, akaenda kazini, akasuka kichwa cha bibi harusi tangu asubuhi hadi jua likatua.

Angemwambia nani? Mtu anaweza kusema kichwa kinamuuma, mgongo unamuuma, hata moyo unamuuma, na watu wakampa pole. Hili hakujua hata pa kulianzia. Alisoma kwenye simu kuhusu damu na tumbo, akakutana na neno saratani, akaizima simu na kuilaza kifudifudi kana kwamba neno lenyewe lingetoka nje.

Kwenye duka la dawa alinong'ona, na muuzaji akamuuzia vidonge vidogo vya rangi. Vilimkata tumbo, vikamwendesha siku nzima ya Jumapili, halafu kukawa kimya zaidi kuliko mwanzo. Akanunua tena, akameza viwili badala ya kimoja. Alipoanza kusikia kizunguzungu, alijiambia ni ile damu anayopoteza, akanunua na tembe za kuongeza damu. Hakujua kwamba sasa alikuwa amejifungia mlango kwa kufuli ya pili.

Chepkemei ndiye aliyemwona amebadilika. "Sasa wewe Edah, mbona siku hizi unakula kama kuku mgonjwa? Chipsi unazichokora tu."

"Sisikii njaa."

"Si useme kama ni stresi ya boi."

"Ati boi," Edah akasema, akacheka kidogo, na kicheko kikamuuma tumboni.

Mwezi wa Agosti kaka yake, Mukhisa, alikuwa anatembelewa na wakwe. Familia ya mchumba wake ilikuja Bumula kuona boma, na mabinti wote wa nyumbani walishonewa magauni ya kitambaa kimoja. Edah alipima lake asubuhi ya siku yenyewe chumbani kwa mama yake. Zipu ilipanda mpaka kiunoni ikakwama. Mama yake alivuta, shangazi mmoja akavuta, na Edah akavuta pumzi, lakini zipu ikabaki pale pale. Tumbo lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma.

Walimfunga leso juu ya gauni, wakamwambia imempendeza. Lakini wanawake wa Bumula wana macho, na macho yale yalimfuata mchana kutwa: alipokataa nyama, alipokataa chai ya maziwa, alipotoka nje ghafla ameshika mdomo na kutapika nyuma ya zizi. Aliporudi, maongezi jikoni yalikatika kama redio iliyoishiwa na betri.

Wageni walipoondoka, Senge Nasimiyu alimwita. Senge, yaani shangazi, dada ya baba yake, alikuwa matroni katika shule moja ya wasichana huko Bumula, na miaka ya kuishi na wasichana mia kadhaa ilikuwa imemfundisha kuuliza bila kuzunguka. Alimpeleka nyuma ya ghala la mahindi, akageuza ndoo mbili, wakakaa.

"Edah, mimi sitapiga kelele. Mama yako analia huko ndani lakini mimi sitalia. Ni ya nani?"

"Nini, Senge?"

"Hiyo mimba."

Edah alimtazama. Kwanza alitaka kucheka, na akacheka kweli, kisha kicheko kikageuka bila ruhusa yake, akaanza kulia machozi mengi kama mtoto. Senge alimwacha. Alipomaliza akamkabidhi pindo la leso yake.

"Hakuna mimba," Edah akasema. "Senge, mimi siendi choo."

"Huendi aje?"

"Siendi. Nimefunga. Wiki inaisha. Na nikienda natoka damu." Yalipoanza kutoka, yalitoka yote: ufunguo wa bucha, mlango wa Matisi, vidonge, neno alilolisoma kwenye simu. "Nilidhani nitakufa nayo tu, kimya kimya."

Senge Nasimiyu hakucheka wala hakushika mdomo. Aliuliza kama anayeuliza njia. "Imeanza lini? Damu iko juu ya choo ama imechanganyika? Umekonda?" Edah alijibu, na kila jibu likawa jepesi kuliko la kwanza. Mwishowe Senge alisimama, akajipangusa makalio. "Wasichana wangu wa shule wanafunga hivyo kila muhula wa kwanza. Wanaogopa vyoo vya shule. Mimi nikajua ni mambo ya watoto. Kumbe mtu anaweza kukua nayo. Jumatatu tunaenda hospitali Bungoma. Sasa twende tumwambie mama yako kabla hajamaliza machozi."

Mama alifurahi kwanza, kisha akachukia. Furaha ilikuwa ya mimba ambayo haikuwapo. Hasira ilikuwa ya kitu kingine. "Mimi nimekuosha makalio miaka mitatu," alimwambia Edah, "halafu unaona haya kuniambia mambo ya choo?" Mama alimshika kichwa, akakilaza begani, na hapo mambo yakaisha.

Kukhu, bibi yake, alikuwa na dawa tayari. "Muwekeeni kipande cha sabuni huko nyuma," alisema kutoka kwenye mkeka wake. "Sisi tuliwekewa na mama zetu, na tukaenda mbio."

"Sabuni ni ya nguo, mayi," Senge akamwambia mama yake. "Mtoto amechanika. Utamchoma."

"Basi mpikieni mrenda, mboga ya kuteleza," Kukhu akasema, akionyesha kwamba hakushindwa. "Mrenda haumkatai mtu."

"Mrenda sawa."

Hospitalini walipokelewa na kijana mrefu aliyeitwa Kiptum, ambaye kila mtu alimwita daktari ingawa mwenyewe alisema ni afisa wa kliniki. Edah alipoona ni mwanamume, tena wa rika lake, alitaka kugeuka mlangoni. Senge alimzuia kwa kiwiko. Kiptum aliuliza kama angependa shangazi abaki au atoke. "Abaki," Edah akasema. Basi akamwita pia muuguzi, mama wa makamo aliyeitwa Joan, asimame karibu wakati wa kupimwa.

Maswali yalikuwa mengi na Kiptum aliyauliza bila kuinua nyusi. Anakula nini? Anakunywa maji kiasi gani? Akisikia haja huwa anafanya nini? Ana hedhi kawaida? Anasikia baridi kupita wengine, anachoka ovyo? Kuna mtu wa familia aliyewahi kuugua saratani ya utumbo? Alipouliza kama anaweza kuwa mjamzito, Senge alitazama dari. Kipimo kilifanywa hata hivyo, na jibu likawa lile ambalo Edah alilijua. Damu yake nayo ilipimwa, ikaonekana iko sawa. Kisha alilala kitandani, Kiptum akambonyeza tumbo upande wa kushoto, na Edah mwenyewe akasikia chini ya vidole vile kitu kigumu kama muhogo. Muuguzi Joan alimshika mkono wakati wa sehemu iliyobaki, ya kuangaliwa nyuma, ambayo iliisha upesi kuliko hofu yake.

"Sioni dalili ya saratani," Kiptum akasema waliporudi kukaa. "Hilo ndilo ulikuwa unaogopa?"

Edah akaitikia kwa kichwa.

"Una mchaniko mdogo pale kwenye njia ya haja. Ndiyo inatoa hiyo damu nyekundu. Sasa sikiliza vile imefika hapo. Utumbo mpana kazi yake ni kunyonya maji. Choo kikifika pale, unakuita. Usipoenda, haukasiriki, unaendelea tu kunyonya. Kesho kimekauka. Kesho kutwa ni tofali la jua. Siku ukienda linakuchana. Ukichanika unaogopa, na mtu akiogopa si anabana tena? Umekuwa ukizunguka hapo."

"Na vile vidonge?"

"Vile vinapiga utumbo kiboko. Vina siku yake, lakini ukiviamua mwenyewe kila wiki utaumia. Na hizi tembe za damu nani alikupea? Damu iko sawa, na hizi zinafunga choo zaidi. Ziache."

Edah alitazama chini. Pesa na hofu yote ile, na alikuwa akijifunga mwenyewe.

Kiptum alimwandikia dawa ya unga ya kuchanganya na maji, isiyosukuma utumbo bali inayoweka maji ndani ya choo kilainike. Mwanzo atakunywa nyingi mpaka lile tofali litoke, kisha kidogo kila siku kwa miezi, hata akiwa anajisikia amepona. Alisema neno hilo mara mbili. Akaongeza karai la maji ya vuguvugu la kukalia baada ya haja, kwa ajili ya mchaniko. Halafu akaja kwenye maisha. Anywe maji hata kama kiu haipo. Arudishe mboga, viazi vitamu, maharagwe, mapapai, ugali wa mtama au wa mahindi ya kusaga na maganda yake, lakini polepole, si yote siku moja. Atembee. Na zaidi ya yote, tumbo likiita baada ya chai, aitikie.

"Choo cha kuchuchumaa ni kizuri," alisema. "Kile cha kukalia, weka kitu chini ya miguu magoti yapande. Usikazane, na usikae huko na simu."

"Lazima niende kila siku?"

"Wapi. Kuna mtu anaenda mara tatu kwa siku na kuna wa mara tatu kwa wiki, na wote wako sawa. Angalia kama ni laini na kama haikuumizi." Kisha uso wake ukawa wa kazi. "Lakini ukiona damu imechanganyika ndani, ama choo ni cheusi kama lami, ukikonda bila sababu, ama tumbo livimbe utapike na hata hewa isipite, usingoje Senge akuulize. Kuja siku hiyo hiyo. Na kutapika kwako kwa juzi ndiyo maana sikukuacha uende nyumbani kabla sijakubonyeza vizuri."

Tofali lilitoka Bumula, nyumbani, baada ya siku mbili za dawa na maji, kwenye choo cha mama yake chenye mlango unaofungika. Edah alikaa baadaye kwenye karai la maji ya vuguvugu, jua linaingia kupitia nyufa za mabati, akasikia wepesi ambao alikuwa amesahau kwamba mwili unao. Mama yake alipita nje akakohoa kidogo. "Mzuri?" akauliza. "Mzuri, mayi," Edah akajibu.

Kulikuwa na jambo moja gumu kuliko yote, nalo lilimngoja Kitale. Edah alifika saluni kabla ya wenzake ili amkute Jelagat peke yake. Alimwita kwa heshima, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Mama Kipruto, nimetoka hospitali. Nimeambiwa nikishikwa na haja nisibane. Asubuhi baada ya chai lazima nishuke, hata kama niko na mteja."

Jelagat alikuwa anakunja taulo. Aliendelea kuzikunja. "Na mteja?"

"Nitamwambia kabla sijaanza."

"Utamwambia nini? Ati unaenda choo?"

"Nitamwambia narudi."

"Edah, leo ni wewe, kesho ni Chepkemei, keshokutwa kila mtu ako na tumbo." Akaweka taulo ya mwisho juu ya zile nyingine. "Tutaona."

Kwa siku chache 'tutaona' ikawa ndiyo jibu. Edah alishuka hata hivyo. Mara ya kwanza Ian aliuliza swali lake. Edah alivuta pumzi, akasema, "Ya kukaa. Daktari amesema," na mwanamume mmoja aliyekuwa ananunua matumbo akageukia Ian akamwambia, "Mpe mtoto wa watu ufunguo, wewe nawe." Aliporudi juu, mteja alikuwa anaangalia simu yake na hakuonekana kama aliyeonewa. Jelagat aliona hayo yote kwenye kioo. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kuchongesha ufunguo wa pili, akautundika nyuma ya mlango wa saluni. Chepkemei ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutumia.

Mwili haukunyooka kama uzi. Edah alikosea kwa haraka yake. Alipika sufuria ya maharagwe akala siku tatu mfululizo, tumbo likajaa hewa mpaka akajuta, akakumbuka neno 'polepole' akiwa amechelewa. Akapunguza. Akawa anaweka maharagwe kidogo pembeni ya ugali, na Jumamosi alinunua mrenda sokoni kwa mama mmoja kutoka mtaa wa Tuwan, akaupika kama Kukhu anavyoupika. Chupa ya maji aliiweka karibu na vitana, na kila akimaliza mstari wa kichwa alikunywa funda.

Desemba ikamwangusha. Mji mzima unataka kusukwa Desemba. Wateja walianza kupanga foleni kabla saluni haijafunguliwa, na Edah, aliyekuwa anajisikia mzima kabisa, aliacha ile dawa ya unga, akasahau chupa, akabana mara moja, akabana tena. Kabla Krismasi haijafika maumivu ya wembe yalirudi. Alilia pale chooni Matisi kwa hasira zaidi kuliko uchungu, kwa kuwa safari hii alijua.

Januari alirudi kwa Kiptum akiwa na aibu ya mwanafunzi aliyefeli. Kiptum alimpima tena, akamwuliza maswali yale yale, hakumkemea.

"Hii kitu uliijenga miaka. Haiwezi kubomoka kwa miezi michache," alisema. "Uliacha dawa kwa sababu ulijisikia vizuri. Watu wote huacha hapo. Anza tena, na safari hii mimi ndiye nitakuambia tunapunguza lini."

Akaanza tena. Mama yake naye akaanza desturi ya kupiga simu kila Jumapili jioni, na kwa kuwa alikuwa ameamua kwamba aibu ndiyo iliyotaka kumuua mtoto wake, aliiondoa kabisa. Mara moja alipiga katikati ya wiki, Edah akiwa na mikono iliyojaa nywele. Chepkemei akambonyezea simu, ikatoka kwa sauti kubwa saluni nzima.

"Edah, mulembe! Leo umeenda choo?"

Kicheko kilichofuata kiliwafikia watu wa bucha. Edah alitamani sakafu ipasuke. "Nimeenda, mayi," alisema, "nitakupigia baadaye." Mteja wake, mwalimu mmoja kijana aliyeitwa Nyambu, alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akatulia. Kichwa chake kilikuwa kimeinama mbele, Edah hakuuona uso wake, aliona kisogo tu na mistari iliyonyooka.

"Kwani wewe ulikuwa na shida hiyo?" Nyambu akauliza kwa sauti ya chini.

"Sana."

"Na ilikuwa na damu?"

Mikono ya Edah ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. "Ilikuwa. Yako imeanza lini?"

Wakaongea mchana ule wote, taratibu, juu ya kelele za vikausha nywele, na mambo ambayo Edah hakuyajua hakuyabahatisha. Alimwambia Nyambu aende apimwe, asinunue vidonge vya rangi, na kama anaogopa kwenda peke yake, Jumatatu saluni haina watu wengi.

Mwaka ulipozunguka, Kiptum alikuwa amempunguzia dawa mpaka ikawa ya siku moja moja, halafu akamwambia aiweke kabatini, aichukue tu akihisi mambo yanaanza kukaza. Kuna wiki zilikaza. Safari ndefu zilimfunga, na vilio pia, na siku za hedhi. Alishazijua, akazikabili kwa maji na subira kabla hazijawa kitu.

Ndipo alipoanza kufikiria saluni yake mwenyewe, kule kwao. Senge alimtafutia nafasi katika kituo cha biashara cha Bumula, chumba cha pembeni chenye baraza, mali ya mzee mmoja mfanyabiashara aliyeitwa Kiarie. Walikwenda kukitazama Jumamosi. Kiarie alifungua madirisha, akasifia barabara, akaonyesha ukuta utakaobeba kioo, akaeleza vile siku ya soko watu wanapita hapo kama maji.

"Choo kiko wapi?" Edah akauliza.

Mzee alishangaa kidogo. "Si tuangalie duka kwanza?"

"Nionyeshe choo kwanza, mzee."

Akawaongoza nyuma. Kilikuwa cha matofali, safi, kina mlango wa mbao ambao komeo lake lilikuwa limeota kutu. Edah aliingia, akaufunga, akausukuma kwa bega kuona kama unashika. Haukushika vizuri. Alitoka, akamwambia Kiarie atachukua chumba, lakini fundi aje abadilishe komeo kabla yeye hajaleta viti. Kiarie akakubali. Senge alikuwa ameshatangulia barazani, anapima kwa hatua mahali pa kuweka benchi la wateja.